Nilimlisha Tunu Njaa Yangu

Kabla ya kusimulia kilichotokea inanipasa nieleze hali ilivyokuwa, maana aibu isiyoelezwa chanzo chake huonekana kama bahati mbaya, na yangu haikuwa bahati mbaya hata kidogo. Niliijenga mwenyewe, kopo kwa kopo, kwa muda wa miezi mitatu, na siku ilipobomoka ilinibomokea mbele ya watu arobaini waliokaa kwenye viti vya plastiki nilivyovikodi mimi mwenyewe.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili na historia kwa miaka mingi, na katika ile ya mwisho nilikuwa mhakiki wa miswada ya kale iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kazi ambayo mtu huilinganisha nakala moja na nyingine herufi kwa herufi, na akiona nukta moja imepungua huiandikia tanbihi. Silitaji hili kwa kujisifu (sifa zimekwisha, kama mtakavyoona), bali ili ijulikane kwamba aliyedanganya katika habari hii ni mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kusahihisha uongo wa wengine.

Nilipostaafu nilihamia Kibamba, kwenye kiwanja ambacho marehemu mume wangu alikinunua zamani, upande ule ukiwa bado vichaka na mikorosho, na kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya nikajiunga na kikundi cha wafugaji wa mtaa wetu kiitwacho Tupokezane. Utaratibu wa Tupokezane ni mmoja na ni mzuri: mwanachama hupewa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, humtunza, humpandisha, humzalisha, na ndama jike wa kwanza hawi wake, huwa wa mwanachama anayefuata kwenye orodha, ambaye naye humlea mpaka azae na kumpitisha wa kwake mbele. Akizaliwa dume, mnasubiri uzao mwingine. Kwa njia hiyo ng'ombe mmoja alikuwa amekwisha kuzifikia nyumba tatu. Mimi nilikuwa wa nne, na mtamba wangu nikamwita Tunu. Wa tano alikuwa Mama Atu.

Mama Atu ni mzaliwa wa Rungwe, ambako watoto hujua kukamua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Alikuja Dar es Salaam na mumewe, mume akafariki, naye akabaki na wajukuu wawili na karai la kukaangia vitumbua karibu na kituo. Alikuwa ameisubiri zamu yake miaka yote hiyo, na Tunu alipothibitika kuwa na mimba, Mama Atu alijenga banda. Alijenga kwa mikono yake: nguzo za mkaratusi, bati la mtumba, sakafu ya zege yenye mteremko wa kupitishia mkojo, na kandokando ya mtaro akaotesha majani ya tembo ambayo kufikia masika yalikuwa yamempita kimo. Alikuwa na kila kitu cha ng'ombe isipokuwa ng'ombe.

Kila Jumapili, baada ya ibada, alikuja kwangu na mzigo wa majani kichwani, kwa sababu ni desturi yetu kwamba anayesubiri ndama husaidia kumlisha mama yake.

"Hodi, Mwalimu. Shikamoo. Mkwe wangu hajambo?"

Alimwita Tunu mkwe wake. Ndama alikwisha kumwita mjukuu.

Sasa nifike kwenye chakula. Bwana mifugo wetu, kijana mpole ambaye sote tunamwita Dokta, alikuwa ametufundisha waziwazi: mtamba akiingia miezi mitatu ya mwisho ya mimba apewe majani mazuri na maji wakati wote, pumba za mahindi kopo moja asubuhi na moja jioni, na atembezwe nje kila siku, walau nusu saa. "Asikonde na asinenepe," alisema. "Nikipitisha kiganja ubavuni nizisikie mbavu, lakini nikiwa mbali nisizione." Nililiandika neno hilo kwenye daftari na nikalipigia mstari.

Lakini mimi nilikuwa na habari yangu na chakula cha wajawazito. Mwaka niliombeba mwanangu wa pekee niliishi kwa mama mkwe, mwanamke mwema ambaye hakupata kunipandishia sauti, na ambaye aliamini kwa moyo wake wote kwamba mja mzito akifika mwezi wa saba akiendelea kula sana mtoto atanenepa tumboni na kumkwamisha mama yake siku ya kuzaa. Basi nikapunguziwa. Mayai yakawa marufuku, nyama ikawa harufu ya jirani, uji ukawa mwepesi kiasi kwamba uliweza kuona ua la bakuli chini yake. Usiku nilitafuna pembe ya kanga. Mwanangu alizaliwa mdogo kama sungura (leo ni mtu mzima, ana afya, na anavaa viatu namba kumi na moja), lakini njaa ile sikuizaa pamoja naye, ilibaki ndani.

Na Tunu alikuwa na tabia moja. Akimaliza kopo lake alilamba hori tupu, polepole, kutoka pembe hadi pembe, kisha aliinua kichwa na kunitazama. Nawaambieni kweli, sijawahi kutazamwa vile na mwanafunzi wala na mtoto. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili nikavumilia. Siku ya tatu nikamwongezea kopo la pili, nikajisemea kwamba ni mara moja tu.

Huo ndio uamuzi mdogo ninaousema.

Wiki iliyofuata makopo mawili yalikuwa ada, na mwezi uliofuata yalikuwa matatu, asubuhi matatu na jioni matatu, yenye mashudu ya alizeti na molasi juu yake kama mchuzi. Kumtembeza nikaacha, kwanza kwa sababu ya matope, halafu kwa sababu ya mbwa wa jirani, na mwisho bila sababu, kwa kuwa niliona ni ukatili kumswaga kiumbe mwenye mzigo. Na kwenye daftari la lishe, ambalo mwenyekiti wetu Mzee Chande hulikagua kila mwisho wa mwezi, niliandika: kopo moja, kopo moja, kopo moja. Sikutaka mabishano. Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Mama Atu hakuhitaji daftari. Jumapili moja alitua mzigo wake, akampapasa Tunu ubavu, akapapasa tena, kisha akabonyeza pale mkia unapoanzia, na vidole vyake vikadidimia kama kwenye unga uliokandwa.

"Mwalimu, huyu anakula nini?"

"Anakula vizuri."

"Naona. Mpunguzie pumba, dada yangu. Mtembeze. Kwetu mtamba wa mimba ya kwanza hatumfanyi bibi harusi. Mafuta yakijaa njiani, ndama atapitia wapi?"

Nilisikia sauti ya mama mkwe wangu. Neno kwa neno nilimsikia yeye, na yote niliyotaka kumjibu mwanamke yule miaka mingi iliyopita, nikiwa msichana mwenye adabu na tumbo tupu, yalinipanda kooni. Siku ile nilijizuia. Lakini katika mkutano wa mwezi Mama Atu alipolitoa jambo lile mbele ya wote, kwa upole na bila kunitaja jina, nilisimama na kumjibu kwa dakika ishirini. Nilieleza asili ya miiko ya chakula. Nilieleza jinsi jamii zinavyoivika njaa kanzu ya hekima. Nilisema, na nayanukuu maneno yangu kwa usahihi kwa sababu ni adhabu yangu kuyakumbuka, "Ujinga uliorithiwa hauwi elimu kwa kuwa tu umetoka milimani." Watu walicheka. Mama Atu alifunga kanga yake upya, ingawa haikuwa imelegea.

"Haya, Mwalimu," alisema. "Mie sikusoma. Ila mbavu za ng'ombe nimezishika tangu sijajua kuhesabu."

Mzee Chande, ambaye huheshimu elimu kama watu wengi waliokosa nafasi ya kuifikia, akapendekeza hapo hapo nitoe darasa kwa wanachama wote, nyumbani kwangu, Tunu akiwepo ili waone mfano. Ningeweza kukataa. Nilisema nitaandaa waraka.

Waraka ulikuwa na kurasa nane na tanbihi kumi na moja, na uliitwa "Lishe ya Mtamba Mwenye Mimba: Hoja Dhidi ya Imani za Njaa." Nililipanga darasa Jumamosi, siku tisa kabla ya tarehe ya kuzaa kwa hesabu yangu, nikakodi viti na turubai, nikapika chai ya maziwa na maandazi, na nikamwomba Mama Sele alete vyombo vyake vya muziki. Mama Sele ni mshereheshaji wa harusi na vigodoro, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja na spika mbili refu kama milango, akanibana maiki ndogo kwenye kola ya dera, akachomeka kisanduku chake mgongoni mwangu, na akaniambia, "Hii ukishavaa, Mwalimu, sahau kama ipo." Nilisahau. Laiti ningekuwa mwanafunzi mbaya siku hiyo.

Tunu alifungwa kwenye mti mbele ya watu, amepigwa brashi, anameremeta kwa mafuta kama chungu kipya.

"Jamani, mie nimezoea mabibi harusi!" Mama Sele akafungua shughuli. "Ila huyu wa leo kiboko, kaja na mkia wake, na kitambi kawazidi waume zenu wote! Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Nikaanza kusoma.

Nilikuwa ukurasa wa sita nilipoona kwa pembe ya jicho kwamba Tunu anahamisha uzito, mguu huu, mguu ule. Akainua mkia. Akageuza shingo kuutazama ubavu wake mwenyewe, kama mtu aliyeitwa na asijue na nani. Nikaendelea kusoma. Mama Atu akasimama kwenye mstari wa nyuma.

"Samahani, Mwalimu. Tunu ana uchungu."

"Kwa hesabu bado siku tisa, Mama Atu."

"Hesabu ni yako. Uchungu ni wake."

Kicheko kilipita chini ya turubai, na kilinichoma. Nikasema, kwa sauti iliyotoka kwenye spika zote mbili, "Nimebakiza kurasa mbili. Tustahimiliane." Nikazisoma. Nataka ifahamike kwamba nilizisoma zote, pamoja na tanbihi ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja, huku mnyama ninayemzungumzia akijinyonganyonga kwenye kamba hatua nne kutoka nilipo.

Nilipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Tulimfungua Tunu tukamwingiza bandani, na ndani ya muda mfupi chupa ya uzazi ikapasuka na kwato mbili zikachungulia, nyeupe, pana, kubwa kuliko nilivyowahi kuona katika picha yoyote. Nikatoka kuwatangazia watu kwamba mambo yanakwenda sawa na kwamba chai ipo. Kisha nikarudi ndani, na kwato zilikuwa pale pale. Nusu saa, pale pale. Tunu alisukuma, akapumzika, akasukuma, akalala ubavu, na kila msukumo ulikuwa mdogo kuliko uliotangulia. Dokta alipopigiwa simu alikuwa Mbezi Luis kwa mfugaji mwingine. Akasema anakuja kwa bodaboda, na tusivute kwa pupa.

Tulibaki wawili bandani, mimi na Mama Atu. Alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akapiga magoti kwenye zege langu lililojaa maji, na akaingiza mkono taratibu, macho ameyafumba. Alipoutoa hakunitazama.

"Njia imebanwa na mafuta pande zote, na ndama ni mkubwa. Mkono wangu wenyewe unapita kwa shida. Mwalimu. Hapa tuko wawili na ng'ombe. Niambie kweli. Makopo mangapi?"

Miezi mitatu nilikuwa nimesubiri mtu aniulize. Sikujua hilo mpaka nilipofungua mdomo.

"Matatu," nikasema. "Asubuhi matatu, jioni matatu. Na mashudu, na molasi. Sikumtembeza hata siku moja tangu mvua zianze. Daftari lote ni uongo, Mama Atu. Na waraka pia ni uongo, maana nimeandika kwamba mng'ao huu wote waliouona ni wa kopo moja." Na kwa kuwa kweli ikitoka hairidhiki kutoka peke yake, nikaendelea: "Nilijua Mzee Chande hatagundua. Kusoma kwenyewe kunampa tabu, hugeuza kurasa tu." Kisha nikaangukia shingoni mwa Tunu, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, na nikamwambia sikioni mambo ambayo sikupata kumwambia mume wangu: kwamba nilinyimwa mayai, kwamba nilikula pembe ya kanga, kwamba kila aliponitazama nilijiona mimi. "Nisamehe, Tunu. Nilikulisha njaa yangu. Nilikulisha njaa yangu, mama."

Ndipo nilipotambua kwamba nje kumekuwa kimya. Vikombe havigongani. Na katika kimya kile nilisikia, kutoka upande wa turubai, sauti ya mwanamke mzee ikivuta kamasi, kubwa kama radi. Nikavuta kamasi tena kwa mshangao, na sauti ile nayo ikavuta.

"Mwalimu," Mama Sele alinong'ona mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani. "Mwalimu wangu... maiki."

Niliishika kola nikaivuta maiki kwa nguvu, waya ukagoma, nikarudi nyuma kwa kasi, nikakanyaga samadi, na nikakaa chini katika mtaro wa mkojo kwa kishindo kilichotangazwa mtaa mzima, mpaka barabara kubwa, pamoja na neno nililolitamka (si neno la mhakiki). Spika zikapiga ukelele. Mtu akazizima. Ningepewa kuchagua wakati wa kufa ningechagua hapo, nikiwa nimekaa, lakini Tunu alikuwa bado analia na hakukuwa na nafasi ya kufa.

Nilipoinua macho, Mzee Chande alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikasema kutoka mtaroni.

"Marahaba. Kusoma najua, Mwalimu. Polepole, lakini najua. Daftari zote huwa nazisoma. Lako tu sikulisoma, kwa sababu ni lako."

Kisha akavua koti lake, akalitundika kwenye mlango wa banda, na akaingia kusaidia.

Dokta alifika yapata saa tisa. Alifunga kamba kwenye miguu ya ndama, akapaka mafuta ya kulainisha, na watu wanne wakavuta kwa kufuata msukumo wa Tunu, akisukuma wanavuta, akipumzika wanapumzika, na alasiri ikasogea, na hatimaye ndama akatoka kwa mara moja, mzito, amelowa, ulimi umevimba na kutokeza pembeni. Mama Atu ndiye aliyempokea. Alikuwa amekuja na gunia safi lililokunjwa vizuri kwenye kikapu chake (tangu Jumapili gani alilibeba, sijui) na akamfuta pua, akamtia unyasi puani ili apige chafya, akammwagia maji baridi sikioni, akamsugua kifua kwa nguvu mpaka kanga yake ikafunguka na hakuifunga. Dokta alimgusa bega mara mbili. Akaendelea kusugua. Mara ya tatu akaacha.

Akainua mguu wa nyuma wa ndama, akatazama.

"Jike," akasema.

Alimfunika kwa lile gunia, kuanzia kichwani, akilisawazisha pembe zake kama mtu anayetandika kitanda.

"Mama Atu," nikaanza, "mimi..."

"Acha, Mwalimu. Mshike Tunu kichwa, anataka kuamka na miguu haina nguvu."

Nilimshika. Baadaye, Dokta alipokuwa akinawa, nilimuuliza swali ambalo nilijua jibu lake, kwa kuwa mtu wa kazi yangu hutaka jibu liwe na chanzo. Alinijibu bila ukali. Alisema ndama alikuwa mkubwa kidogo na hilo lingewezekana hata kwa lishe nzuri, lakini mama alikuwa amejaa mafuta njiani, na kwa kukaa tu bandani hakuwa na pumzi ya kusukuma, na mambo hayo mawili yakikutana na mimba ya kwanza hakuna anayeshinda. Nikamsimulia habari ya mama mkwe wangu, nikamuuliza kama basi yeye alikuwa sahihi.

"Hapana, mama," akasema. "Ungemnyima angekosa nguvu vilevile, na ndama angezaliwa dhaifu. Kumnyima ni kosa na kumjaza ni kosa. Lile kopo moja halikuwa imani. Lilikuwa kipimo."

Nimeishi na sentensi hiyo tangu siku ile. Nilifanya kosa ambalo ningemrudishia kazi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: nilichukua habari ya mtu mmoja, tena habari yangu, nikaifanya kanuni ya kiumbe ambaye hakuwahi kuniambia kwamba ana njaa. Alilamba hori tu. Ng'ombe wote hulamba hori.

Kuhusu aibu ndogo nitasema kwa ufupi. Kulikuwa na waliorekodi, na sauti yangu ilizunguka kwenye simu za Kibamba na, naambiwa, ikavuka hadi Kiluvya. Dukani mwuza duka huniuliza, "Mwalimu, unga kopo moja au matatu?" na wateja hutazama chini. Madereva wa bajaji wakinipita huimba "nilikulisha njaa yangu" kwa mdundo wa singeli (nakubali kwamba mdundo unakaa vizuri). Hayo nayavumilia, maana ni ujira halali. Nililichukua daftari la lishe nikalisahihisha siku baada ya siku kwa wino mwekundu, kila penye "moja" nikaandika "si kweli, matatu," nikatia saini chini ya kila ukurasa, na nikampelekea Mzee Chande. Alilipokea kwa mikono miwili. Alilisoma mbele yangu, lote, polepole, kidole chake kikitembea chini ya mistari, nami nikakaa mpaka alipomaliza.

Kwa Mama Atu nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia nitamtafutia mtamba mwingine, popote, hata kama ni Rungwe kwenyewe. Alikuwa anageuza vitumbua. Hakukasirika, ningefurahi kama angekasirika.

"Zamu hainunuliwi, Mwalimu," alisema. "Ukininunulia, huyo ni ng'ombe wako uliyenipa. Mie nilikuwa nangoja wa kupokezwa."

Akanifungia vitumbua viwili kwenye gazeti, akanipa, akageukia mteja mwingine.

Nimeapa sitapima tena tumbo la kiumbe mwingine kwa tumbo langu, na sitaandika tena nambari nisiyoiona kwa macho yangu. Ni viapo vilivyochelewa, na navitaja kwa kuwa ndivyo pekee nilivyo navyo.

Tunu alisimama siku ya tatu. Kizazi chake kilikuwa kimeumia, na baada ya miezi miwili Dokta alithibitisha kwamba hatashika mimba tena. Kikundi kilikutana, na Tunu akachukuliwa na mchinjaji. Orodha ya Tupokezane imesimama kwenye jina la tano. Majani ya tembo ya Mama Atu yamekauka kandokando ya mtaro, na katika banda lake, juu ya sakafu ile yenye mteremko, anahifadhi kuni.